Mnunuzi asiyeonekana: nimjenge vipi mhusika mbaya kwa macho ya wanaomwogopa?

Mpogoaji (Hombolo)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaandika riwaya fupi inayotokea katika kijiji cha wakulima wa zabibu nje kidogo ya mji wa Dodoma, na nimefika mahali ambapo nahitaji mawazo ya watu wanaosoma na kuandika kwa makini.

Mhusika mbaya wa riwaya hii ni mnunuzi wa zabibu ambaye kijijini anajulikana kwa jina la Tajiri tu. Ndiye mwenye matangi ya kuhifadhia mchuzi wa zabibu, ndiye anayewakopesha wakulima fedha za dawa na za vibarua msimu wa kupogoa, na ndiye anayepanga gari lije siku gani kuchukua mzigo. Anayeijua kazi hii anajua kwamba siku hiyo ndiyo iliyobeba maisha ya mkulima. Zabibu za huku kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba, na zikishaiva hazivumilii kama mtama au uwele unavyovumilia ghalani. Mvua za mwanzo wa mwaka zikizikuta zimeiva, zinanyonya maji na kupasuka, sukari inashuka, nyuki na ndege wanaingia, na baada ya siku chache kinachobaki mtini hakifai hata kugawa bure. Kwa hiyo mtu mwenye uwezo wa kusema kwamba gari halitakuja wiki hii ana uwezo wa kumfilisi mwenzake bila kumgusa wala kumtukana.

Nimeamua kwamba Tajiri asionekane hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Sababu yangu ni kwamba wakulima wengi hawamjui kwa sura anayepanga bei yao; wanamjua dereva, wanamjua kijana anayekuja na kipimo cha sukari, wanalijua daftari la madeni. Nikimleta mwenyewe na tumbo lake na saa yake ya dhahabu, msomaji atamchukia mtu mmoja na kuusahau utaratibu mzima uliompa nguvu.

Tatizo ni kwamba wote niliowapa rasimu wamesema hawamwogopi. Mmoja ameniambia anamsikia Tajiri akisemwa vibaya toka ukurasa wa kwanza, lakini hajaona lolote alilofanya. Hii hapa sehemu mojawapo:

*"Tajiri ni mtu katili," alisema Nyemo huku akitetemeka. "Hana huruma hata kidogo."*

*"Ni kweli," alijibu Mama Sechelela kwa hofu. "Kijiji kizima kinamwogopa."*

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, mtu asiyeonekana anajengwaje mpaka msomaji ahisi yumo chumbani? Pili, je, ni lazima ajitokeze mwishoni, au naweza kumaliza bila kumfunua kabisa?

---

Mhariri wa Kikuyu (Dodoma)

Ndugu Mpogoaji, nimeisoma sehemu uliyoiweka, na kwa maoni yangu kasoro haitokani na kutoonekana kwa Tajiri. Inatokana na kwamba Nyemo na Mama Sechelela wanamwogopa kwa namna moja. Jaribu kuyabadilisha majina yao, umpe Nyemo maneno ya Mama Sechelela na Mama Sechelela maneno ya Nyemo, utaona kwamba hakuna kinachoharibika. Hofu inayoweza kuhamishwa hivyo kutoka kwa mtu hadi mtu ni hofu ya mwandishi, na msomaji hutambua upesi kwamba anaelekezwa la kuhisi.

Kabla hujaandika tena, jiulize kila mmoja wao ana kitu gani mikononi mwa Tajiri. Ikiwa Nyemo amekopa ili amalizie mahari, hofu yake itakuwa ya aibu na ya harakaharaka. Atakuwa mwepesi wa kuucheka utani wa kijana wa kupima sukari hata kama hauchekeshi. Ikiwa Mama Sechelela ameweka rehani ekari moja aliyoachiwa na marehemu mumewe, hatacheka; atakuwa anapiga hesabu, na kila atakalolisema litakuwa na hesabu ndani yake. Mwenye duka anayeuza zaidi siku gari linapokuja hatamwogopa kabisa, atamtetea, na utetezi wake utamuudhi msomaji kuliko lawama za wengine wote. Halafu pale kijijini kuna mzee asiye na deni la mtu, ambaye anaweza kumwita Tajiri mwizi mchana kweupe. Mwache aseme. Lakini uangalie ni nani atakayebaki amekaa naye kwenye benchi baada ya kusema. Wale watakaoinuka mmoja baada ya mwingine, huyu akikumbuka mbuzi wake, yule akikumbuka maji, ndio watakaomchora Tajiri.

Naomba pia uyaondoe hayo "huku akitetemeka" na "kwa hofu". Mtu mzima anayemwogopa mwingine kwa miaka mingi hatetemeki; amekwisha kuizoea hofu yake, ameigeuza kuwa desturi ya nyumba. Chukua usiku wa kuamkia siku ya gari. Mama Sechelela amekaa chini kwenye turubai, tochi ameibana kwapani, mkononi ana mkasi mdogo, anapitia kichala kimoja baada ya kingine na kukata kila punje iliyopasuka, kwa sababu anajua kwamba kwa punje chache za namna hiyo kreti nzima inakataliwa. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo usiku huu. Mjukuu anachukua punje moja nzima na kuitia mdomoni. Bibi anampiga mkono, kofi la kweli, mtoto analia. Baadaye kidogo bibi anakusanya zile zilizopasuka, anamwekea mtoto kwenye bakuli, anamwambia ale zote. Hapo hajatajwa mtu, na hakuna neno katili wala neno huruma, lakini msomaji amekwisha kujua kwamba kuna mtu mahali fulani ambaye uchaguzi wake unaamua punje ipi ni ya mtoto na ipi si ya mtoto.

Nitoe mfano mmoja wa kimaandishi, kisha nikae. Katika *Rebecca*, riwaya ya Daphne du Maurier iliyotoka mwaka 1938, mwanamke ambaye kitabu kimepewa jina lake amekwisha kufa kabla ya hadithi kuanza, na anaijaza nyumba nzima. Anayemjaza zaidi hata si yule anayemchukia. Ni mtumishi aliyempenda, Mrs Danvers, ambaye anakitunza chumba chake kama alivyokiacha. Mhusika asiyeonekana hujengwa na wanaompenda pia, na mimi naona riwaya yako bado haina mtu anayempenda Tajiri kwa dhati. Mtafute. Inawezekana ni yule dereva, au mjane ambaye mwanawe alilipiwa ada ya shule. Penzi lake liwe la haki, lisiwe la kijinga, na msomaji ashindwe kumlaumu.

---

Sauti ya Singida

Mimi nimekulia katika uandishi wa michezo ya redio, na kwetu swali hili huja kwa sura nyingine, maana kwenye redio hakuna anayeonekana. Asiyeonekana kwetu ni yule ambaye sauti yake haisikiki. Jambo tunaloshikilia ni kwamba msikilizaji hamfahamu mtu wa namna hiyo kwa kuelezwa habari zake, bali kwa kusikia jinsi anavyowabadilisha wanaosikika. Watu wanne wanabishana kwa sauti kubwa juu ya bei, simu inaita, mmoja anapokea na kusema, "Ndiyo, mzee. Ndiyo. Hapana, yupo hapahapa. Ndiyo." Anakata. Mazungumzo yanayofuata yatakuwa ya watu walewale wanne, lakini hayawezi tena kuwa mazungumzo yaleyale, kwa sababu kila mmoja anajiuliza ni nani aliyeulizwa kama yupo. Usiwajibie. Waache waendelee kubishana kwa adabu mpya, na mmoja wao akubali bei ambayo dakika mbili nyuma alikuwa anaikataa.

Nakubaliana na Mhariri kwamba kila mtu amwogope kwa njia yake. Naongeza tu kwamba lazima pia kuwe na kitu ambacho wote wanakitii bila kuambizana, la sivyo tutakuwa na watu wengi wenye shida zao binafsi na hatutakuwa na Tajiri. Chagua sheria moja ndogo ambayo haijaandikwa popote. Kwa mfano, hakuna anayeanza kukata vichala kabla gari halijaonekana barabarani, hata kama zabibu zinaharibika, kwa sababu kuna mwaka mtu alivuna mapema na gari likapita shamba lake bila kusimama. Simulia hilo mara moja tu, kwa sentensi moja, tena kupitia kwa mtu anayezungumzia jambo jingine. Tangu hapo kila mkulima anayesimama shambani na mkasi mfukoni akiiangalia barabara atakuwa anasimulia kisa hicho upya bila kufungua mdomo.

Lugha yetu nayo imetupa nafasi nzuri ambayo sioni ukiitumia. Kitenzi cha Kiswahili kinambeba mtenda ndani yake, kwa hiyo watu wanaweza kuzungumza ukurasa mzima juu ya mtu bila kumtaja: amesema tusubiri, hajapokea simu, akijua je? Na hofu ikizidi, hata huyo anaondolewa, inabaki "tumeambiwa", "imepangwa", "haijaruhusiwa". Ningekuwa mimi, ningeyapanga haya kwa makusudi. Katika sura za mwanzo wamtaje Tajiri kwa jina, tena kwa dharau kidogo. Katikati jina lipotee, abaki yule ambaye kila mtu anajua ni nani. Mwishoni wawe "wameambiwa" tu. Msomaji hatatambua umefanya nini, lakini atahisi mtu huyo anakua kadiri jina lake linavyopungua.

Jambo jingine ni tabia. Mtu asiye na sura anahitaji tabia inayotambulika kuliko mtu mwenye sura, na tabia hiyo isiwe ukatili peke yake. Fikiria kwamba Tajiri ni mtu wa misiba. Akifa mtu kijijini, bahasha ya rambirambi kutoka kwake inafika kabla ya ndugu wa marehemu kufika kutoka Manyoni, na si bahasha nyepesi. Inapokelewa, inasomwa mbele za watu, inaandikwa kwenye daftari, watu wanaitikia. Kesho yake, kabla matanga hayajaanuliwa, kijana wa kipimo anakuja kwa upole mkubwa kumuuliza mtoto mkubwa wa marehemu jina lake kamili linaandikwaje, ili deni lihamie kwake bila makosa ya herufi. Watu hao hawawezi kumlaani, kwa sababu wamekula sukari yake na mchele wake wakiwa kwenye uchungu. Mimi namwogopa mtu wa namna hiyo kuliko yule anayetuma mabaunsa.

---

Mwalimu wa Mpwapwa

Nimefurahi kuona mjadala wa namna hii, na nitajaribu kutoyarudia yaliyokwisha kusemwa na waliotangulia.

Wanafunzi wangu wa fasihi simulizi wanajua mbinu hii kabla hawajafundishwa, kwa kuwa ngano za mazimwi zimejaa watu wanaotayarisha nyumba, wanaofunga milango, wanaofundisha watoto wimbo wa kufungulia mlango, kabla zimwi lenyewe halijaonekana. Na si ngano tu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini lililosemekana kuwavamia watu usiku majumbani mwao, ilipoenea Pemba na Unguja, wengi wanaoukumbuka wakati ule hawana la kusimulia juu ya sura yake linalolingana. Kinacholingana ni kwamba watu walitoka majumbani wakalala nje, pamoja, kandokando ya moto. Habari za mumiani nazo, ambazo zilizunguka Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, ziliishi kwa njia hiyohiyo: njia fulani haikupitwa baada ya magharibi, gari la namna fulani likionekana watoto waliingizwa ndani. Ukitaka kujua jamii inaogopa nini, tazama imebadilisha nini katika mpangilio wa siku yake. Kwa hiyo swali la kwanza la Ndugu Mpogoaji lina jibu ambalo bibi zetu walilifanyia kazi.

Hata hivyo kuna hatari mbili ambazo nisingependa zipite bila kutajwa.

Hatari ya kwanza inatokana na mahali ulipoiweka hadithi yako. Dodoma tayari ina adui asiyeonekana, nao ni ukame, na upande wa zabibu kuna adui mwingine ambaye ni mvua inayokuja wakati usiotakiwa. Usipokuwa mwangalifu, Tajiri atayeyuka ndani ya hali ya hewa, na msomaji atamaliza kitabu akisema kwamba maisha ya mkulima ni magumu, jambo ambalo alilijua kabla hajakifungua. Tenganisha kazi ya mvua na kazi ya mtu. Mvua ilinyesha Jumatano. Gari lilitakiwa kuja Jumatatu. Jumanne dereva alionekana mjini akipakia mzigo wa kijiji kingine. Ziweke siku hizo tatu mahali tofauti katika sura, katika vinywa vya watu tofauti, pasiwepo mhusika hata mmoja anayeziunganisha, na msomaji aziunganishe mwenyewe. Zimwi halina nia inayoweza kujadiliwa, linakula kwa sababu ni zimwi. Tajiri ni binadamu, kwa hiyo lazima ijulikane alichopata kwa kuchelewesha gari siku mbili. Kama alipata zabibu zilezile kwa nusu ya bei kwa kuwa sukari ilishuka, basi tumemwona, japo hatujui ni mrefu au mfupi.

Hatari ya pili ni ya haki, na hapa nazungumza kama mwalimu kuliko kama msomaji. Mtu asiyeonekana ni rahisi kusingiziwa. Kijiji kikishakuwa na mmoja wa kubebeshwa lawama, kila kisima kikikauka na kila ng'ombe akifa atakuwa ni yeye. Ningependa riwaya yako iwe na tuhuma moja dhidi ya Tajiri ambayo msomaji anajua kuwa si ya kweli, na ambayo wanakijiji wanaiamini kuliko zile za kweli. Hilo litamfanya msomaji aanze kuwapima mashahidi wako, huyu aliona, huyu aliambiwa, huyu ana lake jambo, na msomaji anayepima mashahidi hawezi kuwa mtazamaji tu. Pia litakuzuia wewe mwandishi usiwe mmoja wa wanakijiji hao.

Nimalizie na kipimo cha sukari, ambacho umekitaja na kukipita haraka mno. Wale wasiokifahamu, ni kifaa kidogo mfano wa darubini ya jicho moja: matone machache ya maji ya zabibu yanawekwa kwenye kioo, kifuniko kinafungwa, anayepima anakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia, na ndani yake anaona mstari unaoonyesha kiwango cha sukari. Anachungulia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Anachokisema ndicho kinachoandikwa, na kilichoandikwa ndicho kinacholipwa. Sijui kama kuna kitu kingine katika riwaya yako kinachoweza kumleta Tajiri kijijini kwa ukamilifu kuliko kifaa ambacho wote wanakiona lakini ni mmoja tu anayeona kilichomo.

---

Mpogoaji (Hombolo)

Mwalimu, shikamoo. Mhariri na Sauti ya Singida, nawashukuru kwa moyo wote. Mmenipa kazi ya mwezi mzima.

Nimeichukua ile sehemu ya Nyemo na Mama Sechelela na kuiandika upya kwa kukitumia kipimo. Naiweka hapa ili mniambie kama naelekea kuzuri:

*Kijana alikamua punje tatu kwenye kioo, akafunga, akageukia jua. Mama Sechelela alikuwa amesimama upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.*

*"Kumi na sita," alisema kijana.*

*Nyemo aliandika. Kalamu ilikuwa ya Nyemo kwa sababu ndiye aliyemaliza kidato cha nne.*

*"Mwanangu," alisema Mama Sechelela, "hebu na mimi nichungulie."*

*Kijana hakukasirika. Alikishusha kifaa, akakifuta kioo kwa kitambaa laini, polepole, mpaka matone yakaisha. "Mama, tayari nimeshafuta," alisema. "Tupime nyingine?"*

*Nyuma yao kulikuwa na watu saba wenye kreti. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alikohoa, na Mama Sechelela akakijua kikohozi hicho ni cha nani na kina maana gani, akasogea pembeni kuwapisha.*

*"Kumi na sita," alirudia Nyemo, ingawa alikuwa ameshaandika.*

Tajiri hatajwi katika kipande hiki. Nimeona kwamba watu saba wale kwenye foleni ndio wanaomfanyia kazi, bila mshahara, kwa sababu kila mmoja anataka zamu yake ifike kabla jua halijazidisha joto kwenye kreti. Kuhusu mtu anayempenda, nimeamua awe Nyemo mwenyewe. Tajiri ndiye aliyemlipia ada ya miaka yote minne, na Nyemo ana barua moja aliyoandikiwa kwa mkono, ya mistari miwili, inayomhimiza asome hesabu. Hiyo barua ni ya upendo kweli. Sitaki igeuke kuwa hila.

Bado swali la mwisho halijanitoka kichwani. Je, afike au asifike?

---

Sauti ya Singida

Kipande kimesimama, na kile kitendo cha kufuta kioo kimenikaa. Ningeondoa maneno "hakuna aliyesema neno", kwa kuwa kikohozi kinatosha.

Kuhusu mwisho, msimamo wangu ni kwamba asifike. Umetumia kitabu kizima kumfundisha msomaji kumsoma mtu kwa alama zake, na ukimleta mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho unamnyang'anya msomaji kazi aliyoizoea na unamwambia kwamba hakuhitaji kujisumbua. Zaidi ya hapo, hakuna mwili utakaolingana na yule aliyekwisha kujengwa. Ukimleta mzee dhaifu, tutasema alikuwa mtu wa kawaida tu, na hilo limeandikwa mara nyingi mno. Ukimleta jitu la kutisha, umerudi kwenye tumbo na saa ya dhahabu.

---

Mhariri wa Kikuyu (Dodoma)

Sauti ya Singida, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe moja kwa moja. Afike au asifike inategemea riwaya imemwahidi msomaji nini. Kama sura za mwanzo zinamfanya msomaji ajiulize Tajiri ni nani, amezaliwa wapi, ana sura gani, basi kumnyima mwisho ni kuvunja ahadi, na msomaji atakuwa na haki ya kukasirika hata kama sisi waandishi tutaliita jambo hilo sanaa. Kama toka mwanzo swali ni wanakijiji watafanya nini, basi hakuna atakayedai kumwona. Kwa hiyo Mpogoaji asiamue mwisho kwanza. Arudi nyuma apitie kurasa zake za mwanzo na kufuta kila sentensi inayochochea udadisi juu ya sura na asili ya mtu huyo: uvumi kwamba ana jicho moja, kwamba aliwahi kuwa padri, kwamba haongei na wanawake. Vitu hivyo vinavutia kuviandika, ila vinafungua deni ambalo hana mpango wa kulilipa.

Na hiyo barua ya mistari miwili usiitaje tu. Ituonyeshe. Tuuone mwandiko wake, kama ni wa mtu aliyesoma shule ya zamani au wa mtu anayeandika kwa taabu, na mahali alipokata neno akaandika jingine juu yake. Kwa mtu asiyekuwa na uso, neno lililokatwa ni sehemu kubwa ya mwili.

---

Binti Bahi

Mimi si mwandishi, ni msomaji tu, na nyumbani kwetu tunalima mpunga, hatulimi zabibu. Naomba kusema moja. Katika kipande kipya, mtu niliyemwogopa ni Nyemo aliporudia ile "kumi na sita" ambayo hakuulizwa. Nilihisi kwamba anajisemea mwenyewe ili aizoee. Nadhani miaka michache ijayo kijana wa kipimo atakuwa yeye. Kama ndivyo ulivyokusudia, basi sihitaji kumwona Tajiri, kwa sababu nimekwisha kuona anavyopatikana.

---

Mwalimu wa Mpwapwa

Marahaba, Mpogoaji. Binti Bahi ameona jambo ambalo mimi sikuliona, nami naliunga mkono. Ila nakuomba usimfanye Nyemo alichukue kipimo kwa tamaa. Aombwe na wenzake. Kijana wa sasa aondoke, wanakijiji waseme afadhali ashike mtu wetu, anayetujua, aliyesoma, na Mama Sechelela awe wa kwanza kumpendekeza. Siku yake ya kwanza ya kupima, mtu wa kwanza kwenye foleni awe mama huyohuyo, na amwombe kuchungulia.

---

Mpogoaji (Hombolo)

Nimekubali. Uvumi wote wa jicho moja nimeufuta leo asubuhi, na ulikuwa mwingi kuliko nilivyodhani. Tajiri hatafika. Sura ya mwisho itakuwa foleni ya Agosti, kipimo kiko kwa Nyemo, na Mama Sechelela ndiye wa kwanza, kama Mwalimu alivyoshauri. Kilichobaki ni kuamua kama Nyemo atampa achungulie au atafuta kioo. Nimeandika zote mbili. Ile ya kufuta ni fupi na inakuja kirahisi, kwa hiyo siiamini sana. Ile ya kumpa inanilazimu kueleza mama anaona nini mle ndani, na kama namba anayoiona ni kumi na sita kweli, basi msimu uliopita wote unabidi usomwe upya, pamoja na ile tuhuma ya uongo ambayo Mwalimu alinitaka niiweke. Nitaendelea na hiyo. Rasimu ikikamilika nitaileta hapa, na nitamwomba Binti Bahi awe wa kwanza kuisoma.